Mnazi wa Chathukutty

Mchana, mvua ikishatulia, jirani yangu Devayani huketi mlango wa nyuma akaisikiliza ardhi. Tangu mumewe afariki anadai kwamba mtu akinyamaza sana atayasikia maji ya karo yakitembea chini ya ua, polepole, kuelekea kusini. Nilikuwa nikimcheka. Siku hizi najikuta nimesimama ukutani, ndoo mkononi, nami nimenyamaza.

Mumewe, Chathukutty, alikuwa fundi wa makaro, yale matangi ya chini ya ardhi yanayopokea maji ya choo. Nusu ya makaro ya kijijini kwetu ni kazi ya mikono yake, na alikuwa mkali nayo kuliko mama mkwe. Ukimwaga dawa kali chooni ili wageni wakusifu kwa usafi, alikufuata mpaka jikoni.

"Umewaua wadudu wanaokula uchafu wako," alinifokea siku moja. "Sasa utaula wewe?"

Nilikasirika, lakini nilielewa. Tope hutulia chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati peke yake ndiyo hupita bombani mpaka kwenye shimo la mawe, ambako udongo huyanywa na kuyasafisha. Kila baada ya miaka mitatu gari la kunyonya liitwe. Na kisima kikae mbali.

Alipokufa tuliuchoma mwili wake kona ya kusini ya ua, kama desturi yetu ilivyo, na Devayani akapanda mche wa mnazi palepale, juu ya majivu. Hakuna aliyejiuliza shimo la mawe liko hatua ngapi kutoka hapo. Aliyekuwa akijua ndiye tuliyekuwa tumetoka kumchoma.

Mnazi ukakua kwa kiburi. Kwa miaka tisa Devayani aliuegemea kila alasiri, akausimulia bei ya samaki na maneno ya binti yake, Rejani, kisha akasinzia kwenye kivuli chake. Ukimwona pale hukuwa na moyo wa kumwita.

Mwaka huu Rejani alikuwa mjamzito, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Wiki tatu kabla hajafika, Devayani alinipa maji ya kunywa, nami nikarudisha bilauri mezani. Kisima chake kilikuwa kinanuka. Nilimwambia wazi.

Akaitwa Velayudhan, aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini. Alifunua karo: maji yalikuwa yamejaa mpaka juu. Akachimba akifuata bomba, na mwisho wake akakuta mizizi imesukwa kama nywele za bibi harusi.

"Dada, shimo lote ni mizizi. Maji hayana pa kwenda, yanavujia upande wa kisima."

"Si ulihamishe shimo?"

"Nilipeleke wapi? Kaskazini kisima chako, mashariki cha huyu mwenye mdomo," akaninyooshea kidole, "magharibi barabara. Pamebaki hapa tu."

"Basi kata mizizi, mti uuache."

"Nikate leo, mvua ijayo irudi? Huujui mnazi wewe?"

"We Velayudhan, unataka nimchome mara mbili?"

Velayudhan, mtu wa mizaha siku zote, aliweka mtaimbo chini.

"Na mjukuu utamwogesha na nini, dada?" nikasema. "Na machozi?" Maneno yalitoka makali, na sijutii.

Devayani aligeuka. Alikwenda akaegemea mnazi wake, akafumba macho. Tulikaa tukimngoja, jua likipenya kwenye makuti na kutembea usoni pake, mpaka hata mimi nikawa sijui kama niko macho. Alasiri akashtuka.

"Amekuja," alisema. "Amekasirika huyo! Ananiuliza, mjinga gani kapanda mti kwenye shimo langu?"

Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka tisa, kisha akalia sana.

"Kateni," akasema.

Ulikatwa kesho yake. Shimo likachimbwa upya, karo likanyonywa, kisima kikakombwa, na Rejani alipofika maji hayakuwa na harufu. Lakini ninayoiota mpaka leo ni ile saa mnazi ulipolala chini. Velayudhan alipasua kilele, akatoa moyo wake mweupe, akauweka kwenye jani la mgomba. Mnazi ukiangushwa, majirani hugombania moyo. Safari hii walisimama mbali. Nani angekula mti ulioota kwenye majivu ya mtu?

Devayani alichuchumaa, akamega kipande, akatafuna taratibu, macho kayafumba. Nilimsogelea.

"Mtamu?"

"Mtamu," alisema, machozi yakimtiririka. "Hakuwa mtamu hivi alipokuwa hai."

Akamega kingine, akaninyooshea. Nikafungua kinywa, akanilisha.