Mpiga Gitaa Asiyeimba

Mume wangu humwita mume mwenziwe. "Mume mwenzangu ameamka," husema asubuhi akisikia gitaa likilia kwenye simu yangu, na huyasema hayo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya wateja wake. Mwanzo nilikuwa nikicheka. Siku hizi simjibu.

Huyo anayesemwa ni mzungu wa Ayalandi, mpiga gitaa la jazi, mtu mzima mwenye mvi, ambaye hajui kama mimi nipo duniani. Nilimpata kwa bahati tu. Zamani tulikuwa tukipangisha chumba chetu cha juu hapa Langoni, Lamu, akaja kukaa mwanamke wa huko kwao, na alipoondoka akasahau CD chini ya kitanda. Nilitaka kuitundika darini ifukuze kunguru wanaonidonolea samaki. Nikasema niijaribu kwanza, isije ikawa ni kitu cha maana. Nikaiweka kwenye redio nikiendelea kuchagua mchele, na mchele ule sikuumaliza mpaka CD ilipokwisha. Kunguru walitafutiwa kitu kingine.

Tangu hapo nimemtafuta kila mahali anapopatikana. Zama za CD zikaisha, nikamfuata kwenye simu, na ninajua rekodi zake kama wenzangu wanavyojua tamthilia za Kituruki. Kuna moja ya polepole ambayo jina lake siwezi kulitamka bila kujichekesha. Amekwisha kuirekodi mara tatu ninazozijua mimi. Ya kwanza alikuwa kijana, ana haraka, kila penye nafasi anapajaza, kama mgeni anayeogopa kunyamaza sebuleni mwa watu. Ya pili wamemwekea ngoma na fidla nyingi mpaka utamu wake unakinaisha. Ya tatu ndiyo yangu. Aliipiga mbele ya watu, kwenye ukumbi mdogo, unasikia bilauri zikigongana na kiti kikiburutwa, na mtu fulani anacheka kisha anaona haya. Katikati gitaa linapanda. Linapanda taratibu, nawe unajua kabisa sauti gani inayofuata, unaingoja, naye haipigi. Ananyamaza. Ukumbi mzima unanyamaza naye. Kisha anashuka kwenye uzi mmoja mnene, anaugusa kidogo sana, na kutoka hapo anashika njia nyingine mpaka mwisho.

Sijui kuyaeleza haya vizuri zaidi. Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Mambo kama haya hayaelezwi, yanataka mtu wa kuketi pembeni yako umwambie "umesikia?" naye aseme "nimesikia." Mimi mtu huyo sikuwa naye. Watoto wangu husikiliza mambo yao kwa vidude vya masikioni. Mume wangu ni mshoni wa nguo na duka lake liko chini ya jiko letu, ngazi chache tu, nami nimemwita mara zisizo idadi. Huja, husimama mlangoni na tepu shingoni, husikiliza kidogo huku akitazama sufuria, kisha huuliza kama chai iko tayari. "Akimaliza kutia nyuzi sawa, uniite," husema, na kushuka zake.

Basi mwaka huu mzungu wangu akaja Lamu. Hakuja kwa ajili yetu, alikuja kupumzika na mkewe kama wazungu wote, lakini alikuja na gitaa, na mwenye nyumba ya wageni aliyofikia akamshika mkono akamwomba apige alasiri moja, uani, wenyeji wote wakaribishwe bure. Tangazo liliingia kwenye simu yangu nikiwa nakaanga mahamri. Niliyaunguza.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga. Nikamwambia sitaki leso, sitaki bangili, wala sitaki anipeleke Mombasa. Nataka kitu kimoja. Aende akakae kitako, asikilize ile ya polepole tangu mwanzo mpaka mwisho, mara moja tu maishani mwake, asiinuke. Akanitazama, akaona sina mzaha, akasema, "Haya, bibi." Na siku yenyewe kweli alifunga duka mapema, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, kama anayekwenda kuposa.

Wanawake tulikaa upande wa baraza, wanaume upande wa pili, na mzungu katikati juu ya kiti cha mbao, na kipaza sauti kidogo kinachovuma kama nzi. Nilimwona mume wangu barabara, mstari wa pili, mikono juu ya magoti. Shangazi yangu alikaa ubavuni mwangu. Yeye aliambiwa kuna muziki, akaelewa ni tarabu, akajifukiza udi na kuvaa dhahabu yake yote.

Mzungu akaanza. Na wanawake wakaanza pia. Huyu anamwuliza yule mtoto wake alipata shule gani, yule anasimulia maji yaliyokatika, mwingine anapitisha njugu. Sikuyaamini masikio yangu. Kipande cha kwanza kikaisha, wageni wachache wakapiga makofi, shangazi akaniinamia.

"Mbona hayaanda?" akaniuliza.

"Ameshaanza, shangazi. Amemaliza moja."

"Moya ya nini? Hizo si nyuzi tu? Na mwenye kuimba yuwapi, hayaya?"

Hapo ndipo nilipofahamu, na kufahamu kukanizidishia ghadhabu badala ya kuipunguza. Kwetu kwenye arusi ala hutangulia peke yake. Udi hulia, kinanda hulia, na wakati huo watu hutafuta pa kukaa, huamkiana, huita watoto. Hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mwimbaji akifungua kinywa ndipo watu hunyamaza, kwa sababu shairi ndilo lililowatoa majumbani mwao. Sasa uani pale kila mtu alikuwa na adabu zake kamili. Walikuwa wakimngoja mwimbaji. Wangemngoja mpaka kiama. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu angalau ningepumua, lakini hapakuwa na mwenye makosa, na gitaa la mtu niliyemngojea nusu ya umri wangu lilikuwa likizama katika habari za maji ya bomba.

Nilisogea mbele nikakaa sakafuni, na buibui langu jipya. Huko niliweza kusikia kiasi. Niliona jambo ambalo rekodi hazikuniambia kamwe. Ndani ya rekodi zake kuna mguno mdogo unaofuatana na nyuzi, na miaka yote nilidhani ni ubovu wa redio yangu, halafu nikadhani ni ubovu wa simu. Kumbe ni yeye. Anapiga huku midomo imefumbwa, na kila sauti anayoitafuta kwa vidole huiguna kwanza kooni. Nilirudi haraka kumwambia shangazi, nikidhani hili litamridhisha.

"Kumbe huimba," akasema. "Ila hataki tusikie. Sasa tumeitiwa nini?"

Kisha ikaja ile ya polepole. Niliitambua kwa sauti mbili za kwanza. Nikageuka nikawaambia wanawake, "Nyamazeni jamani, nawaomba kwa Mungu," kwa sauti iliyowashtua mpaka wageni wakanitazama. Wakanyamaza, kwa kunionea huruma nafikiri. Mume wangu alikuwa ametulia vilevile, mikono magotini. Nilimwona, nikamwona mzungu, nikawa nao wote wawili kwa pamoja, na nitasema kweli, nilifurahi kama mtoto.

Siku hiyo aliipiga polepole kuliko rekodi zote. Aliiacha kila sauti ife yenyewe kabla ya kuleta nyingine. Gitaa likaanza kupanda. Likapanda. Akafika pale, akanyamaza.

Na katika kimya kile mume wangu akainuka.

Nilidhani anakwenda kutawadha. Nilidhani labda amepata kizunguzungu. Lakini alipita katikati ya watu, ameshika noti iliyokunjwa kati ya vidole viwili, mkono umeinuliwa ili wote waone, mwendo wa maringo kama anavyotembea kwenye arusi. Akafika kwa mzungu, akamtia noti ile kwenye mfuko wa shati.

Alikwenda kutuza! Kwetu kutuza hakufanywi ovyo. Mtu hukaa akisikiliza shairi mpaka lifike neno linalosema la moyoni mwake, na hapo hapo, si kabla wala baada, huinuka akamtuza mwimbaji mbele ya kadamnasi, na watu wote hujua kwamba neno lile amelifanya lake. Ni jambo la heshima. Lakini pale palikuwa na neno gani? Mzungu alishtuka, akaondoa mkono kwenye nyuzi, akamshika mume wangu kwa mikono miwili, akacheka, akashukuru kwa Kiingereza. Vigelegele vikalipuka. Hatimaye lilikuwa limetokea jambo ambalo kila mtu analijua. Shangazi yangu aliinuka na dhahabu yake yote akaenda kutuza, wakamfuata wengine mstari mzima, na mzungu, akidhani watu wanataka furaha, akarukia kitu cha haraka haraka kinachochezeka. Ile ya polepole ikabaki pale ilipokatikia. Alipiga nyingine mbili, mwenye nyumba akashukuru, akasema magharibi inakaribia, na kesho yake asubuhi mzungu na mkewe walikuwa wanapanda ndege.

Nilirudi nyumbani mbele, mume wangu nyuma. Watu waliokutana nasi njiani walimsifu kwa alivyomheshimu mgeni. Akawa anaitikia salamu. Mimi nilikuwa nahesabu maneno mdomoni, nichague lipi la kuanza nalo. Tulipofika mlangoni nikageuka.

"Umeniharibia," nikamwambia. "Nilikuomba kitu kimoja, ukae usiinuke, na hicho kimoja umeshindwa. Watu hutuza hivyo? Pana shairi pale? Pana neno? Ulikuwa unatuza nini?"

Alivua kofia akaifuta kwa kiganja, jambo analolifanya akijua ameudhi.

"Nimetuza pale pako," akasema.

"Pangu papi?"

"Pale anyamaapo. Wewe ukikuna nazi huku simu yalia hiyo hiyo, kiti cha mbuzi chagonga sakafu yuu ya kitwa changu, grr, grr, grr. Ukifika pale wanyamaa. Kisha waanda tena. Yeo, yana, miaka yote. Mimi niko tini nashona, naskia. Nami huinua mguu cherehani ikanyamaa, mpaka nikusikie umeanda tena." Akarudisha kofia kichwani. "Nikasema moyoni, kama kuna pa kutuza, ni hapo. Sikuyua kuwa kutamsimamisha."

Nilitaka kuendelea kukasirika, kwani nilikuwa na haki, na bado nina haki. Nusu ya pili ya kitu kile sitaisikia tena kutoka mikononi mwa mwenyewe. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilimwambia hivyo, nafikiri mara mbili. Akasema ameelewa, nimsamehe, hakukusudia.

Msikiti wa mtaani ukaanza kuadhini. Akateremka kizingiti aende, kisha akasimama.

"Baada ya pale huendaye?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hiyo yenu. Wewe ukianda kukuna tena, mimi siskii kitu. Mwisho wake siuyui."

Nikamwambia aende kwanza akasali. Akaenda. Nami nikasali, nikapanda jikoni, nikakaa juu ya kiti na simu mkononi. Nilikuwa bado nimekasirika. Nazi ya chakula cha usiku ilikuwa imeshapasuliwa, iko siniani tangu mchana, nikaiacha. Rekodi nilikuwa nimeitafuta nimeipata, ilibaki kuigusa tu. Sikuigusa. Nikakaa vivyo hivyo nikisikiliza ngazi, mpaka arudi.