Kichupa cha Kwanza

Yule dada wa maabara anayekuja Mashewa kutupima sumu ya dawa za nyanya ana mikono isiyo na haraka. Hufuta meza hata ikiwa safi, kisha hudondosha mkojo kwenye kichupa chenye chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na kuwasha taa ya zambarau. Chembe zile hung'aa kijani kama vimulimuli. Zikikutana na sumu, huzimika. Kichupa cha kwanza huwa cha mkojo wake mwenyewe. "Muone mwanga wa mtu asiye na sumu," husema, nasi tunaoshinda na bomba la dawa mgongoni hucheka kwa wivu.

Safari hii aliwasha taa, kichupa chake hakikung'aa. Akakitikisa. Akapima upya. Giza lilelile. Nilitaka kupiga kelele: huyu hajawahi hata kushika bomba! Mwaija, mkulima mwenzetu, akajiziba mdomo kwa kanga. Huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na kila akija, Mwaija humjazia kapu la nyanya, hata zilizopuliziwa dawa jana yake.

"Dada, huwa unaziosha?" Mwaija akauliza.

Dada akaanza kuifuta meza kwa mkono mmoja, mwingine ukapiga simu kwake Korogwe. Sauti ilikuwa ileile ya upole anayotuitia "anayefuata".

"Shikamoo, mama. Mtoto msimpe zile nyanya."

Akasikiliza. Mkono uliokuwa ukifuta meza ukasimama.