Mwaka Sahani Zilipokatazwa Kuvuka Njia

Ami yangu, kakake baba, alirudi kutoka semina na mkoba wa plastiki, kalamu mbili na wazimu mmoja. Kalamu ziliisha wino kabla ya Ramadhani. Wazimu ukabaki.

Miaka hiyo ya tisini kila mtu alikuwa akihubiriwa soko huria, na Ami, karani wa mizigo bandarini, alihubiriwa katika hoteli moja ng'ambo ya daraja la Nyali, yenye kiyoyozi na chakula cha bure. Waliwekewa filamu ya wanyama. Simba akamkamata punda milia, akamrarua, akashiba, akalala. Kisha bwana mmoja aliyefunga tai akawaambia kwamba hivyo ndivyo uchumi unavyotakiwa kwenda: maumbile hayana huruma, kila mmoja ajitegemee, na mnyonge atajijua. Ami alishiba chakula cha bure, akapiga makofi, akarudi kwetu Mji wa Kale akiwa simba.

Baba alikuwa baharia, miezi mingi hayupo, kwa hivyo kauli nyumbani ilikuwa ya Ami. Na nyumba zetu zimebanana vichochoroni hata ukipiga chafya jirani anakuombea rehema. Ramadhani ikiingia, kila jioni kabla ya magharibi sahani zilivuka njia zimefunikwa kawa, sisi watoto ndio wabebaji. Kila mama alipika kile anachokiweza, akakipika kingi, akaugawia mtaa. Mamangu alikuwa mtu wa mihogo ya nazi. Nyumba ya kona ilikuwa ya tambi, ya nyuma yetu ya sambusa, na jirani wa mkabala alikuwa bingwa wa kaimati za shira. Sahani ya mtu haikurudishwa tupu, ilikuwa aibu.

Mwaka ule jirani wa kaimati alikuwa amefiwa na mumewe. Alikuwa edani, hatoki, na watoto wadogo watatu. Mama alimpakulia mihogo mpaka kawa haikai sawa, na vipande vya samaki akavificha chini. Hakusema kwa nini. Kaimati zilizorudi zilikuwa chache, na Mama alizipokea kwa shukrani ile ile ya miaka yote.

Ami akaziona. "Tunatoa sahani nzima ya mihogo, tunaletewa vijidonge hivi? Hii ni biashara gani? Mmemwona wapi simba akimpelekea jirani sahani?"

Nilikuwa kidato cha pili, na mdomo wangu haukuwa na kufuli. Nikamwambia kuwa mwalimu wa bayolojia alitupeleka Tudor kutazama mikoko. Jani likianguka, kaa hulivuta topeni, likaoza, uduvi wakala, samaki wakala uduvi, ndege wakala samaki, na mavi ya ndege yakarudi kwenye tope lile lile. Hakuna anayekamata kitu akakikalia.

"Na mkoko wenyewe unapata nini?" akauliza.

"Unapata tope, Ami."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Tope!" Nikatazama dari juu ya kichwa chake, boriti za mikoko tupu, zimeibeba nyumba ile tangu babu yake hajazaliwa.

Kesho yake baada ya alasiri akaenda kuhubiri barazani. Wanaume wa mtaa, ambao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kushika mwiko, wakamkubalia. Kila mmoja akaenda kwake kutoa amri. Ami akaweka kiti mlangoni akawa mlinzi, na sahani zikasimama.

Magharibi ikaadhiniwa, tukaketi. Tende, maji, mihogo.

"Sambusa ziko wapi?"

"Kwao," Mama akasema.

"Tambi je?"

"Kwao, shemeji."

"Na kaimati?"

Mama akamnyooshea kidole kiti chake cha mlangoni. Wallahi, mtu mzima yule, ndevu zina mvi, hakuwa akijua! Ukitoa kaimati zile alizoziona zikiletwa, miaka yote aliketi mbele ya sinia akidhani neema yote ile inatoka jikoni kwake. Akamwambia Mama amekuwa mvivu.

Siku zikaenda. Sisi mihogo, kona tambi, nyuma sambusa mpaka wakavimbiwa. Wanaume wakawa wanapishana njiani wamenuna, kila simba akitamani cha mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mama hakucheka. Kila jioni alisimama dirishani akitazama ng'ambo. "Watoto wale wanafuturu nini?" Alijaribu kunipitisha mlango wa nyuma na sahani. Mlango wa nyuma ulitokea kwa mzee wa sambusa, naye ameweka kiti.

Jioni moja Ami akashindwa. Akanitilia sarafu mkononi. "Nenda kwa jirani ukanunue kaimati. Ununue, usiombe. Hiyo ndiyo heshima ya soko." Nilikwenda uso ukiniwaka.

"Kaimati kwetu haziuzwi, mwanangu," jirani akasema. Akanifumba kiganja na sarafu zangu ndani, akatia kaimati zote kwenye sahani yake, akafunika. "Msalimie ami yako." Nyuma yake watoto watatu walikuwa wameketi mkekani na jagi la maji. Mekoni hapakuwa na chungu. Waliisindikiza sahani kwa macho mpaka mlangoni. Nilifika kwetu nikamweleza Mama, huku adhana inaanza.

Ami hakungoja hata tende. Aliivamia sahani. "Mwaona? Soko linafanya kazi!" Shira ilimchuruzika ndevuni. Nikaweka sarafu mbele yake, nikasema hazikupokewa.

Mama, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumpandishia shemejiye sauti, hakuipandisha hata siku hiyo. "Shemeji, nyumba ile leo hakikupikwa kitu kingine. Umekula futari ya mayatima."

Mdomo ulikuwa umejaa. Kumeza hawezi, kutema hawezi, macho yamemtoka pima. Mama akaiosha sahani, akaipakia mihogo mpaka ukingoni, akaifunika kawa, akamtia mikononi.

"Peleka wewe."

Akavuka njia, sahani kaishika kwa mikono miwili, shira ingali ndevuni, na wanaume ndio kwanza wanatoka msikitini, wote wakasimama kumtazama. Nilimfuata mpaka kizingitini. Akapiga hodi kwa kijisauti ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Mtoto wa mwisho akafungua, akainua kawa, akachungulia, akageuka ndani na kupaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Mama! Ami amerudisha sahani! Na haiko tupu!"