Kochi Lenye Kwato

Mara ya kwanza kumwona farasi wa mjukuu wangu, nilimwona kutoka nyuma, nikadhani ni kochi limefunikwa blanketi. Makalio mapana yaliyogawanyika katikati, mkia mnene kama ufagio wa kanisani, na chini yake miguu mifupi iliyojaa manyoya mpaka kwenye kwato, utadhani amevaa viatu vya mtu mwingine. Kisha kochi likageuka likanitazama. Lilikuwa na nyasi mdomoni na halikuwa na haraka.

"Huyu ndiye?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Ndiye, Shosho. Si ni mrembo?"

Nilinyamaza. Mimi sinyamazi ovyo, waulize watoto wangu.

Nilikuwa nimeletwa Minnesota, Marekani, kumsaidia binti yangu kulea. Yeye ni nesi, kazi haimwachi hata wikendi, na mwanawe wa pekee alikuwa na miaka kumi na miwili. Kujisifu si kuzuri, lakini nitajisifu: mtoto yule alikuwa wa kwanza kwa hesabu, alijua kukanda unga, na alinisikiliza nikiongea Kiswahili ingawa alinijibu kwa Kiingereza chake cha puani. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu mzee wangu alimwita mke wake tangu siku aliyozaliwa. Jumamosi binti yangu alitushusha kwenye zizi la farasi, nje kidogo ya Lakeville, nyumba zinapoishia na mahindi kuanza, akaenda zake hospitali mpaka saa nane.

Sasa, farasi mimi nawajua, au nilidhani nawajua. Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja huko Njoro kabla ya uhuru. Utoto wangu nimelala nikinusa farasi kwenye koti la baba. Farasi wa yule mzungu walikuwa warefu, miguu myembamba kama ya korongo, na walipandisha pua kama watu waliopita karibu na choo. Wafupi wanene walikuwepo pia, wawili, wa kuvuta plau. Hao hakuna aliyewapiga brashi. Mzungu alisema wale warefu ndio farasi, hawa wengine ni matumbo yenye miguu. Baba alituletea maneno hayo nyumbani kama alivyotuletea makombo ya mkate wa mzungu, na sisi tukayala yote mawili. Miaka kumi na minne aliwasugua wale warefu. Hakuwahi kukalia hata mmoja. Saisi akikalia farasi, anafukuzwa kazi jioni ile ile.

Kwa hiyo nilipomwona mke mwenzangu juu ya farasi wa plau, kitu kikanichoma. Pembeni ya uwanja walikaa akina mama wenye viti vya kukunja na vikombe vya kahawa, wenye farasi warefu. Mmoja wao, mwenye kofia ya zambarau, akamwambia jirani yake mtoto alipopita, "Angalia, masikini, leo tena amepanda kochi." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto mchanga aliyevaa kofia ya babake. Lakini mimi nilisikia. Kiingereza changu ni cha darasa la tatu, lakini kochi ni kochi kila mahali. Na kweli nami nilikuwa nimewaza hilo hilo dakika tano kabla, ndiyo maana nikakasirika mara mbili.

Baadaye nimejua kwamba aina ile inaitwa kobu, na kwamba wapanda farasi wamegawanyika juu ya kobu kama watu walivyogawanyika juu ya matumbo ya mbuzi. Wengine hawataki hata kuyaona, wengine ukishawaonjesha hawana haja tena na nyama nyingine. Siku ile sikujua. Niliona tu mtoto mmoja mweusi zizi zima, na ndiye amepewa farasi wa kulima.

Nikamfuata mwenye zizi. Alikuwa bibi wa rika langu, mwembamba kama uzi, buti za kiume, anachechemea.

"Baba yangu alikuwa saisi," nikamwambia kwa Kiingereza changu, kwa sauti, akina mama wa kahawa wasikie. "Mimi najua farasi. Huyu ni wa plau. Mpe mtoto wangu farasi."

Akanigeukia. "Wewe unaona ni wa plau?"

"Naona ni kochi."

"Haya," akasema. Akaenda kwenye ubao ambao kila farasi ameandikiwa jina la mpandaji wake, akalifuta jina la mjukuu wangu kwa kiganja, akaliandika mbele ya farasi mrefu wa kahawia, chini ya jina la mtoto mwingine. Mbele ya yule mnene pakabaki peupe.

Nilitoka pale kifua mbele kama jogoo aliyepanda jaa. Mtoto hakusema neno mpaka tuko ndani ya gari la mama yake.

"Shosho, umemuua."

"Nimemuua nani?"

Ndipo akanieleza, huku makamasi yanamtoka. Kabla theluji haijaanguka, farasi ambaye hana jina la mtu ubaoni huuzwa, kwa kuwa nyasi za majira ya baridi haziwatoshi wote. Yule mnene hakuna mwingine aliyemtaka. Mwaka mzima alibaki pale kwa jina moja tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliongea tu."

Jumatano mwenye zizi akapiga simu. Mnunuzi amepatikana, mtu wa Wisconsin, atakuja Jumamosi saa sita na trela. Kuanzia hapo mke mwenzangu aliacha kula chapati zangu. Elewa vizuri: huyu ni mtoto ambaye amewahi kula chapati sita amesimama. Alipita jikoni akachukua ndizi moja, akaenda kuila kwenye ngazi, amenigeuzia mgongo.

"Nitampigia yule mama nimwambie pole," nikamwambia binti yangu.

"Mama, umemtukana farasi wake mbele ya watu, halafu pole ya simu? Nyumbani ungefanya hivyo?"

Nyumbani nisingefanya hivyo. Nyumbani ukimkosea mtu mbele ya watu, unarudi na watu, na msemaji, na chakula, maana mkono mtupu haulambwi. Nikampigia rafiki yangu wa kanisani anayekaa Fridley, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Yeye ndiye msemaji wetu kwenye harusi na ugomvi wote.

"Nimemkosea mtu," nikamwambia.

"Nani?"

"Farasi."

"Farasi wa nani?"

"Wa mzungu mmoja huku kwetu."

"Sawa, dada. Tunavaa nini?"

Tulivaa kitenge cha umoja wa wanawake, kile cha kijani, na vilemba vyeupe. Yeye alikuja na jirani yake, anayelea wazee kwenye nyumba ya wazee na aliyekuwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo, macho mekundu, lakini amevaa hereni. Mimi nilibeba sinia la chapati, jirani chupa ya chai, msemaji alibeba mdomo wake. Mjukuu wangu alitufuata nyuma hatua kumi, kama mtu asiyetujua. Saa nne tulisimama mbele ya mlango wa zizi, na akina mama wa kahawa wakaacha kunywa kahawa.

Msemaji wetu hajui namna nyingine ya kuanza ila ile ya posa. Akakohoa, akaanza, "Mama mwenye boma, sisi ni wasafiri. Tulipotelewa na kondoo wetu, tukafuata nyayo, nyayo zikatuleta mlangoni pako."

Mtoto akatafsiri kwa sauti ya chini. Mwenye zizi akamgeukia. "Wamepoteza kondoo?"

"Hapana," mtoto akasema, anatazama chini. "Hawana kondoo."

"Kwa nini wanamtafuta hapa?"

"Mwambie kondoo ni maneno ya heshima," msemaji akasema. "Mwambie kondoo ni farasi."

Nikaona tutafika saa sita tungali kwa kondoo. Nikampa jirani sinia alishike, nikasogea mbele. "Mimi ndiye niliyekosa," nikasema. "Ulimi wangu hauna mfupa. Nilimtukana farasi wako na simjui. Mtoto anamlilia. Nimekuja kuomba asiende."

Yule bibi akaegemea mlango. Akasema taratibu ili nimwelewe. Alisema miaka miwili iliyopita madaktari walimtia chuma kwenye nyonga, na farasi warefu hakuna hata mmoja aliyekubali kumsubiri apande, walizunguka kama kuku. Yule mnene alisimama. Majira mawili ya baridi alimbeba kila siku mpaka mguu ukarudi. Watu walicheka na yeye alizoea. "Lakini nyanya wa mtoto pekee anayempenda aliponiambia ni kochi," akasema, "nilichoka. Nikasema basi, aende mahali ambako hawatamcheka."

Ni mara ya pili sasa nanyamaza, hesabu.

Wakati tumesimama hivyo, kichwa kikubwa kikatokea juu ya nusu mlango nyuma ya jirani yetu, ambaye usingizi ulikuwa umemchukua kidogo na sinia mkononi. Farasi akanusa. Akatoa mdomo kama mtu anayembusu shangazi, akachukua chapati tatu kwa pamoja.

"Yuko kwenye dayati, anapunguzwa unene!" mwenye zizi akapiga kelele.

"Amekula!" msemaji akapiga kelele zaidi. "Mmeona? Amekula!"

Kwetu, uliyemkosea akionja chakula chako, kesi imekwisha. Hakuna rufaa. Na kesi ikiisha hupigwa vigelegele. Msemaji hakuuliza mtu, aliinua kidevu akapiga vitano, kama vya kuzaliwa mtoto wa kiume, na mimi na jirani tukadakia, maana mwili hauulizi kichwa katika mambo hayo.

Sijui kama farasi warefu wa Lakeville walikuwa wamewahi kusikia vigelegele. Yule wa kahawia alisimama kwa miguu ya nyuma akakata kamba. Wawili wakaruka uzio. Wa nne alikuwa ameshikwa na mama wa kofia ya zambarau, akamburuta hatua kadhaa mpaka mama akaona heri aiachie kamba, akabaki ameketi kwenye tope, kofia bado iko kichwani. Wote wanne walitimka mpaka shamba linalopakana na zizi, ambako mahindi yalikuwa yameshavunwa, wakawa wanazunguka na kupiga mateke hewa.

Yule wetu alikuwa anatafuna. Hata sikio hakutikisa.

Kabla ya watu wazima kupata akili, mke mwenzangu alikuwa amefungua mlango, amepanda ndoo, kutoka ndoo akapanda mgongo mtupu, bila tandiko, kamba tu mkononi. Wakaenda. Kila kwato ilipiga ardhi kama mchi kwenye kinu. Walipofika katikati ya shamba, farasi akasimama, akainamisha kichwa, akaanza kuokota mabaki ya mahindi kama yuko kwake. Wale warefu wakamtazama. Mmoja akasogea, wa pili akasogea. Baada ya muda alirudi nao nyuma yake, wanne kwa mstari, vichwa chini, kama watoto waliotolewa kanisani kwa kucheka.

Mama wa zambarau alikuwa bado anajipangusa tope. "Sikujua anaweza kukimbia," akasema.

"Hakukimbia," nikamwambia. "Alitembea kwa bidii."

Mwenye zizi alitoa simu mfukoni akampigia mtu wa Wisconsin palepale, asije. Kisha akaenda kwenye ubao akaliandika jina la mtoto mahali pake, kwa herufi kubwa. Mke mwenzangu alimkumbatia farasi shingoni. Mimi hakunikumbatia bado. Yule bibi akanigeukia.

"Ninyi mmekuja na desturi yenu," akasema. "Mimi nina yangu. Aliyemtukana farasi wangu anamkalia."

Nina miaka sitini na nane na magoti mawili, yote mabovu. Nikamweleza. Akaleta ngazi ya mbao, hatua tatu. Wenzangu wakanishika kwa nyuma.

"Sukuma hapo!" msemaji akaamuru.

"Hapo wapi?" jirani akauliza. "Kote ni hapo!"

Nilipanda kama gunia la viazi linavyopanda lori. Kitenge kikafika magotini, kilemba kikaangukia jicho. Farasi akashusha pumzi moja ndefu, basi. Hakusogea hata unywele. Mgongo wake ulikuwa mpana na wa moto kama jiwe la jikoni, na nilikaa, nakuambia, nilikaa kama mtu aliyetengenezewa kiti chake. Mjukuu wangu akashika kamba, tukaanza kuzunguka uwanja.

"Shosho, usimkabe shingo. Pumua."

"Napumua."

"Hupumui."

Nikapumua. Harufu ikapanda, ile ile ya koti la baba.

Tukazunguka. Akina mama wa kahawa walisimama, mmoja akapiga picha. Tulipofika tena kwenye ngazi mtoto akasimama.

"Haya, shuka sasa. Tumezunguka mara tatu."

"Baba yangu alitembea kwa miguu miaka kumi na minne," nikamwambia. "Zungusha."

Akanitazama, kisha akavuta kamba.

Ndani ya gari saa nane, sinia lilikuwa na chapati nne zilizobaki. Mke mwenzangu alizila zote nne, mikono haijanawa, inanuka farasi. Sikumkemea.