Nikabu ya Kwendea Kliniki

Ujinga huu niliufanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Mafua ya nguruwe yalipoingia Johannesburg, jirani yangu Mama Aline, Mrundi, alinisihi twende tukachanjwe, maana mimi nina pumu. Nikamcheka pale pale ngazini, wapangaji wote wanasikia: "Shoga, hayo ni yenu mnaokula nguruwe! Mimi Muislamu wa Tanga yatanipatia wapi?"

Wiki haikuisha, shemeji yangu akalazwa kwa mafua hayo hayo. Na shemeji ni mwadhini! Kifua kikanibana kwa woga tu. Nikaamua kuchanjwa, ila Mama Aline asijue. Nikaikwepa kliniki yetu ya Mayfair, nikaenda mpaka Malvern, upande wa pili wa jiji, mimi nisiyetoka hata kununua chumvi. Nikavaa nikabu, macho tu nje. Eish, nikajiona jasusi!

Sindano ilipoingia, nikapiga yowe: "Yarabi, nakufa mie!"

Kwenye foleni mtu akageuka. Mama Aline, kamsindikiza dada yake anayekaa huko Malvern. Akaja, akanichungulia machoni, akauliza kliniki nzima isikie:

"Weye Mama Zuhura, nguruwe umeanza kumula lini?"