Mama Kanisafishia Postikadi

Jamani, nishikeni kabla sijapasuka.

Wiki mbili nimemsubiri mzee mmoja anayenunua postikadi za zamani. Nilikuwa nazo kumi na moja, zimegongwa mihuri ya posta za huku kwetu Meru. Jana nikamwambia Mama, "Kesho kuna mgeni anakuja kuziangalia."

Kosa langu ni kutaja mgeni. Kwetu Tengeru mgeni akitajwa, hata mbuzi anaogeshwa!

Leo mzee kafika. Shikamoo, chai, ndizi.

Nafungua boksi: kadi nyeupe pee. Mama kazisugua na jiki. Mihuri yote imefutika.

"Nimetoa yale madoa meusi," anasema, tena anajisifu.

Mzee akavua miwani taratibu. "Mama, mimi nilikuja kununua hayo madoa."

Ikaonekana moja chini ya boksi, muhuri unasomeka vizuri. Roho ikanirudi. Mama akaidaka, akaitia kwenye Biblia yake.

"Hii aliniandikia marehemu baba yako tukiwa wachumba. Haiuzwi."

"Sasa hiyo mbona hukuisugua?"

"Hii haikuwa na doa."

Ina muhuri mweusi kama masizi, katikati kabisa! Nimjibu nini huyu mama?