Mwalimu Anayechora Sokwe kwa Mikono Miwili

Mwalimu wa baiolojia wa binti yangu huchora kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, sokwe mtu kushoto, bonobo, nduguye wa misitu ya Kongo, kulia, na huongea taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Chaki ikibaki kipande, huitia mfukoni. Siku ya wazazi hapa Itigi tulikaa nyuma ya darasa tukimwangalia, mara Editha wangu akanyoosha kidole. "Samahani mwalimu, umekosea. Hayo mabega mapana uliyompa bonobo ni ya sokwe mtu. Bonobo ni mwembamba, na miguu yake ni mirefu." Nikakaza kitenge changu kiunoni. Baba mmoja akanong'ona, "Huyo leo atachezea fimbo."

Mwalimu aliitazama picha, akaifuta kwa kiganja. "Kweli, mikono yangu imebadilishana kazi," akasema, akampa Editha chaki. Kisha akaenda kuketi kwenye dawati la Editha, magoti yakigonga mbao, naye akanyoosha kidole. "Mwalimu Editha, anayependa zaidi kutembea wima ni yupi?"

"Bonobo," mwanangu akajibu, sauti ikifika hadi nje, na mwalimu akainama kuandika.